Kona ya nne isiyofunga: kuchagua msumeno wa pembe kwa fremu za picha

Swali la msomaji: Fundi, shikamoo. Nimejifunza mwenyewe kutengeneza fremu za picha, kwa msumeno wa mkono na kile kisanduku cha mbao chenye mipasuo ya digrii 45. Kona tatu hufunga vizuri, ya nne huacha mwanya ambao naujaza kwa gundi na unga wa mbao. Sasa nimejiwekea akiba kidogo, nataka msumeno wa pembe wa umeme. Muuzaji ananisukuma nichukue mkubwa wa inchi 12, wenye reli za kuteleza na taa ya leza. Upo pia mdogo wa inchi 10 usioteleza, na bei yake ni karibu nusu. Upi utanipa mikato sahihi bila kunifilisi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kati ya hiyo miwili chukua ule wa inchi 10, mradi ufaulu majaribio nitakayokueleza. Fedha itakayobaki nunulia diski nzuri ya meno mengi na skwea moja ya kuaminika, yaani kile kipimo cha pembe ya digrii 90. Na kona ya nne usiilaumu. Yenyewe haina kosa, inalipa madeni ya wenzake watatu.

Tazama hesabu yake. Fremu ina kona nne lakini mikato minane. Kila mkato ukikosea robo ya digrii kwa upande uleule, jumla inakuwa digrii 2 nzima. Wewe unaanza kona ya kwanza, unaibana mpaka inafunga, unaenda ya pili, unaibana, na ya tatu vilevile. Kosa lote linasukumwa mbele mpaka linafika mahali pasipo na pa kusukumia. Kwa ufito wenye upana wa milimita 50, mstari wa kona una urefu wa karibu milimita 71, na digrii 2 kwenye urefu huo ni mwanya wa karibu milimita 2.5. Hapo hata sarafu inapita. Na robo ya digrii ni kitu ambacho jicho halikioni kwenye kipimo cha mashine, kwa sababu mistari mingi ya vipimo hivyo imechorwa kwa digrii moja moja.

Kabla ya kutoa fedha, hebu hakikisha ugonjwa wako ni wa pembe kweli. Pembe zote nane zinaweza kuwa safi na fremu bado ikakataa, kwa sababu ufito mmoja umezidi mwenzake wa upande wa pili kwa milimita moja. Chukua fito mbili zinazotazamana kwenye fremu, ziweke mgongo kwa mgongo juu ya meza tambarare, zisawazishe ncha za upande mmoja, kisha pitisha ukucha kwenye ncha za upande wa pili. Ukucha hunasa tofauti ambayo jicho limeiruka. Ukikwama, urefu ndio unaokusumbua, na hakuna msumeno utakaouponya. Mimi nikiletewa fremu iliyoachama naanza na ukucha, skwea inafuata. Kwa kuwa umekuwa ukikata kwenye alama ya penseli, ningeshangaa kama huna magonjwa yote mawili.

Sasa tuje kwenye mashine. Usahihi wa msumeno wa pembe kwa kazi ya fremu unasimama juu ya mambo matatu, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye boksi.

La kwanza ni mkono usiocheza. Msumeno ukilegea kwenye bawaba yake, pembe inabadilika kulingana na jinsi ulivyoshika mpini siku hiyo. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa wa kuteleza, mkubwa na wa kupendeza macho, na kwa muda mrefu niliamini fito ndizo zinazojipinda. Siku moja nikakata vipande viwili bila kugusa kipimo, kimoja nikiushika mpini kwa mkono wa kulia na kingine kwa mkono wa kushoto. Pembe zikatofautiana. Mashine ilikuwa inakata digrii 45, au 44 na kitu, kwa hiari ya bega langu. Kosa la kudumu unaweza kulirekebisha mara moja likaisha, lakini kosa linalohamahama halina dawa.

La pili ni fensi, yaani ule ukuta wa chuma nyuma ya meza unaoegemeza mbao. Karibu misumeno yote ina fensi ya vipande viwili, kushoto na kulia kwa diski, na vipande hivyo vinatakiwa vilale kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kwenye mashine za bei nafuu mara nyingi kimoja kimerudi nyuma kidogo au kimepinda. Fundi wa kukata mbao za paa hatajua kamwe. Wewe utajua, kwa sababu mkato wa kushoto unaegemea kipande kimoja na wa kulia unaegemea kingine.

La tatu ndilo ambalo sijasikia muuzaji akilitaja. Sahani inayozunguka chini ya diski ina vituo, yaani vijino vinavyonasa kwenye pembe maarufu: 0, 22.5, 45 na kadhalika. Watu hupima kituo cha 45 peke yake na kuhangaika kikiwa 44.9. Lakini fikiri kona inavyotengenezwa: ncha moja imekatwa msumeno ukiwa kushoto, na mwenzake umekatwa ukiwa kulia. Sahani yote ikiwa imegeuka kidogo, kushoto itakata 45.1 na kulia 44.9, na zikikutana zinatoa 90 kamili. Kona inafunga. Kwa hiyo unachopaswa kujua ni kama umbali kati ya kituo cha 45 cha kushoto na cha 45 cha kulia ni digrii 90. Umbali huo umechongwa kiwandani, na hakuna skrubu ya kuubadilisha. Sahani kugeuka ni jambo la kurekebishwa kwa dakika kumi, ila vituo vilivyochongwa vibaya utaishi navyo.

Basi ukienda dukani, nenda na rula ya chuma iliyonyooka na skwea. Msumeno ukiwa umechomolewa kwenye umeme, ushushe mkono mpaka chini, kisha mpini uutikise kushoto na kulia kwa vidole viwili. Usitumie nguvu za kubomoa, tikisa tu. Chuma kizima kikitikisika pamoja na meza, vizuri. Diski ikiyumba peke yake huku meza imetulia, urudishe. Zungusha sahani hadi 45, ifunge, na tikisa tena, maana wapo wanaotulia kwenye sifuri na kulegea kwenye 45. Laza rula ya chuma juu ya fensi zote mbili kwa pamoja na utazame mwanga nyuma yake. Kisha simamisha skwea mezani, ilaze ubavuni mwa diski, kwenye bati lenyewe bila kugusa jino, maana meno yametokeza kuliko bati na yatakudanganya. Muuzaji akikubali kuuwasha, kata vipande viwili vya mbao bapa, kimoja kushoto na kimoja kulia, viunganishe ndani ya skwea. Akikataa hata kukuruhusu kuutikisa, duka lingine lipo.

Kuhusu reli za kuteleza: zimebuniwa ili diski ndogo ikate ubao mpana. Ufito wa fremu kwa kawaida hauhitaji upana huo. Ukitaka kujua msumeno usioteleza utakufikisha wapi kwenye 45, chukua upana wake wa juu wa mkato wa digrii 90 uzidishe kwa 0.7. Msumeno wa inchi 10 unaokata milimita 145 kwa 90 utakupa karibu milimita 100 kwa 45, na fito nyingi za fremu ni nyembamba kuliko hapo. Reli ni viungo viwili zaidi vya kuchakaa na kulegea. Zipo mashine za kuteleza zilizo imara kama mwamba, ila si kwa bei unayoizungumzia wewe. Kwa bei ya chini, kila kiungo kinachojongea ni mahali ambapo kiwanda kimebana matumizi.

Inchi 12 nayo haikupi usahihi. Diski kubwa ni bati refu zaidi kutoka kwenye shafti hadi kwenye jino, hivyo hupindika kirahisi zaidi, na kila ukinunua diski mpya utalipa zaidi. Ukikuta msumeno mdogo zaidi, wa milimita 216, usioteleza na ulio imara, na fito zako ni nyembamba, huo nao unatosha kabisa.

Leza ni pambo. Mstari wake wenyewe ni mnene kuliko kosa unalolitafuta, na unaweza kuhama kwa mtikisiko. Taa inayomulika diski kutoka juu na kuangusha kivuli chake kwenye mbao ni kitu kingine: kivuli ni cha diski ileile inayokata, hivyo hakiwezi kudanganya. Ikiwapo, furahi. Isipokuwapo, usiongeze fedha kwa ajili yake, maana nitakuonyesha njia ya kukata bila kuangalia mstari wowote.

Nguvu ya mota usiumize kichwa. Misumeno ya inchi 10 ya kawaida ina wati za kutosha kwa ufito wa fremu mara kadhaa. Ninachoangalia ni kama mashine inaruka inapowashwa. Ikiruka, zoea kusubiri diski ifike mwendo kamili kabla ya kuishusha.

Diski inayokuja na mashine ichukulie kama kifuniko cha usafirishaji. Mara nyingi ina meno 24 hadi 40, nzuri kwa kukata mbao za ujenzi haraka, na itaurarua uso wa ufito uliopakwa rangi au dhahabu. Kwa inchi 10 tafuta diski ya kabidi yenye meno 80. 60 inavumilika kwa mbao ngumu na nene. Tazama jinsi meno yalivyoegemea. Diski ya mashine ya meza ina meno yaliyoinamia mbele kwa tamaa, na kwenye msumeno wa pembe meno hayo huudaka ufito na kuunyanyua. Unayoitaka ina meno yaliyosimama karibu wima au yaliyoegemea nyuma kidogo, kati ya digrii 5 chini ya sifuri na 5 juu yake. Kwa kawaida imeandikwa kwenye bati. Meno yawe yamenolewa kwa kupokezana, moja likichongoka kushoto na linalofuata kulia, ili yakate nyuzi za mbao kama kisu pande zote mbili. Hakikisha pia tundu la katikati linaingia kwenye shafti yako, maana yapo ya milimita 30, 25.4 na 15.88, na bei nzuri haina maana kama diski haiingii. Diski nyembamba mno ninaziepuka kwa fremu. Zinakula mbao kidogo, ni kweli, lakini unapopunguza milimita moja tu mwishoni mwa ufito hupindika kuelekea upande usio na mbao, na pembe inaharibika bila wewe kujua.

Ukiniuliza fedha iende wapi zaidi, nitasema hapa. Msumeno wa wastani wenye diski bora huushinda msumeno bora wenye diski ya boksi.

Umefika nyumbani nao. Usianze na ufito wa picha ya mteja. Chukua ubao bapa ulionyooka, upana wa milimita 80 au zaidi, na kwanza hakikisha diski imesimama wima. Hii isipokaa sawa, kona itafunga usoni na kuachama mgongoni, au kinyume chake, na utaitafuta pembe ambayo haijapotea. Kisha kata kipande cha kushoto na cha kulia, viunganishe mezani, na uvipime kwa skwea yenye mkono wa milimita 200. Kona ikiwa imekosea sehemu mbili za kumi za digrii (0.2), kwenye ncha ya mkono huo utaona mwanya wa milimita 0.7. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo hesabu karatasi zinazoingia. Zikiwa saba unajua uko wapi. Ikiingia moja tu, mashine yako ni nzuri kuliko mahitaji yako.

Karatasi hiyohiyo ni kifaa cha kurekebishia. Kipande kimoja ukikibandika kwenye fensi, milimita 150 kutoka kwenye diski, kinageuza ufito kwa karibu sehemu nne za mia za digrii (0.04). Hakuna skrubu ya mashine itakayokupa mwendo mdogo namna hiyo. Nimeona watu wanaona aibu kubandika karatasi kwenye mashine mpya. Fremu ikifunga, hakuna atakayeuliza.

Na vituo vikiwa vibovu kabisa, au msumeno ulionao tayari ni wa kubahatisha, ipo njia ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu inauondoa usahihi mikononi mwa mashine na kuuweka mikononi mwako. Funga msumeno kwenye sifuri na usiuguse tena. Chukua kipande cha plaiwudi cha unene wa milimita 12 hivi, kilaze juu ya meza ya msumeno na ukifunge kwenye fensi kwa skrubu; fensi nyingi zina matundu ya kazi hiyo. Juu ya plaiwudi hiyo funga vibao viwili vilivyonyooka, viungane kama paa la nyumba ukitazama kutoka juu: kilele kiwe nyuma karibu na fensi, pale diski inapopita, na miguu ije kwako, mmoja kushoto na mmoja kulia. Kati ya miguu hiyo weka skwea, na ufunge skrubu pale tu digrii 90 itakapokuwa kamili. Mguu wa kushoto unakata ncha moja ya ufito, wa kulia unakata nyingine, na ufito unaegemezwa upande wa ndani wa mguu.

Uzuri wake ni huu: huhitaji tena kujua 45 iko wapi. Unahitaji 90 moja tu, na 90 ndiyo pembe rahisi kuliko zote kuipata, kwa kuwa skwea unayo. Diski ikikosea kidogo kuelekea kushoto, inachokiongeza upande mmoja inakipunguza upande wa pili. Usizembee lakini. Pande zikitofautiana sana, mistari ya kona inakuwa na urefu usio sawa na nakshi hazikutani upande wa ndani. Kwa ufito wa milimita 40, diski ikiwa nje ya mstari kwa sehemu ya kumi ya digrii, tofauti hiyo ni milimita 0.2. Inavumilika, ila usiiongeze. Na kwa kuwa nyuma kuna fensi ya msumeno, ufito mrefu hautapita pale; kwanza ukatwe kwa urefu wa juujuu, na nyongeza kidogo, ndipo uingie kwenye paa lako.

Urefu nao usiukate kwa penseli hata siku moja. Funga kibao cha kuzuia kwenye fensi au kwenye mguu wa paa lako, ncha iliyokwisha kukatwa ikigota hapo, na fito mbili zinazotazamana zikatwe moja baada ya nyingine bila kukigusa. Ikiwa kibao kimekosea milimita, zote mbili zimekosea milimita ileile, na fremu itafunga. Picha haitalalamika. Upande wa chini wa kibao hicho uwe umekatwa mshazari kidogo, ili unga wa mbao usijikusanye hapo na kukudanganya kwa nusu milimita. Ni jambo dogo ambalo limenigharimu fito nyingi.

Hesabu ya urefu wenyewe ni fupi. Tuseme picha na kioo vina milimita 300 kwa 400. Ongeza milimita 3 za kupumulia: 303 kwa 403. Ufito una upana wa milimita 40, na ile ngazi ya nyuma kinamokaa kioo ina milimita 6. Baki ni 34 kila upande, yaani 68. Fito zitakuwa 371 na 471, zikipimwa kwenye ncha ndefu.

Wakati wa kukata, uso wa ufito utazame juu, mgongo wa nje uegemee fensi, ngazi ya kioo ikutazame wewe. Meno ya msumeno huu huingia kutoka juu na kusukuma kuelekea nyuma, hivyo uso unakatwa safi na vijichipukizi vinabaki chini na mgongoni. Angalia kama ufito unalala. Fito nyingi zenye ngazi zinaning'inia upande wa ndani, na diski ikizigusa zinainama. Weka kijiti cha unene wa ngazi chini yake. Kingine kinachosumbua ni ufito kuteleza kando ya fensi diski inapouvuta, na hapo pembe inabaki sahihi ila urefu unapotea. Msasa uliogundishwa kwenye fensi unatosha kuutuliza, na bano ni bora zaidi. Shusha taratibu kuliko unavyotaka. Ukimaliza, achia swichi na usubiri diski isimame kabisa ndipo uinyanyue. Jino linalopanda bado likizunguka ndilo linalong'oa rangi ya ufito uliokwisha kukatwa vizuri. Vaa miwani na kinga ya masikio, usivae glavu karibu na diski, na kipande kifupi ambacho mkono wako hauwezi kukaa angalau sentimita 15 kutoka kwenye diski kishikwe na bano, si na vidole.

Hujauliza, lakini nitakuambia kama jirani: ikiwa unatengeneza fremu mbili au tatu kwa mwezi, huenda huhitaji umeme kabisa. Ipo misumeno ya mkono yenye bati lililokazwa ndani ya fremu ya chuma na kuongozwa na nguzo, kama ile ya Nobex ya Uswidi, na haina undugu na kisanduku chako cha mbao. Kata nayo karibu na mstari, kisha maliza kwa randa kali juu ya ubao wenye kizuizi cha digrii 45. Randa inatoa utepe mwembamba kuliko karatasi, na kona inayotoka hapo msumeno wowote wa umeme utaionea wivu. Inachukua muda, na randa isiyonolewa vizuri itakuharibia zaidi ya kukusaidia. Wenye karakana za fremu za kila siku wengi hawatumii msumeno kwa fito za mbao. Wanatumia mashine ya visu viwili, kama Morsø ya Denmark, ambayo kwa kukanyaga pedali hushusha visu na kung'oa kipande cha umbo la V, mikato miwili ya pembe kwa pamoja, bila unga wala kelele. Ni ghali, ila zilizotumika huwa zinapatikana, na ukiongeza wateja ikumbuke.

Ukipata msumeno uliotumika, usiuogope. Uzungushe kwa mkono ukiwa umechomolewa na usikilize beringi; ikikwaruza, ondoka. Umri wa rangi hauna maana. Chuma kizito cha zamani kisichocheza kinakata vizuri kuliko aluminiamu mpya inayolegea.

Fremu yako ya kwanza ya majaribio ikatwe kwenye mbao ya bure, iunganishwe bila gundi, kwa mkanda tu. Kona zikiachama upande wa ndani huku ncha za nje zimegusana, mikato yako imezidi 45, punguza. Zikiachama nje na kugusana ndani, hazijafika 45, ongeza. Tatu zikifunga na ya nne ikapishana badala ya kuachama, rudi kwenye ukucha na urefu. Kisanduku chako cha zamani usikitupe. Fito ndefu zinahitaji kukatwa juujuu kabla ya kuingia kwenye paa, na kwa kazi hiyo hakuna atakayekidai robo ya digrii.